Mtani Asiye na Jembe

"Tena," alisema Bwana Brenk, ofisa wa wizara, kutoka nyuma ya kioo. "Mtukane tena, Bi Leokadia. Lakini safari hii mwangalie usoni."

Kidomo hakuwa na uso. Alikuwa mashine, mnara mweusi wenye kimo cha mtoto wa darasa la pili, una tundu la sauti kifuani, na juu kabisa jicho moja la kioo. Leokadia Nchimbi aliliangalia lile jicho, akaona haya, akayashusha macho mpaka kwenye viatu vyake.

"Wewe," alisema kwa sauti ndogo, "mababu zako walikuja kwetu na bunduki, na masanduku ya mvinyo, na fundi wa kupiga picha. Walipoondoka walitoka mbio hata sufuria wakaziacha. Bibi yangu anapikia sufuria yenu mpaka leo."

"Ndiyo maana ugali wake unalika," Kidomo alimjibu papo hapo. "Na nyie je? Mlitoka kusini mnakimbia vita, mnahema, ngao zimewaangukia njiani. Mkafika kwa watu mkasema, 'Tumekuja kutawala.' Mngoni ndiye mkimbizi pekee aliyebisha hodi akaulizia kiti cha mfalme."

Leokadia akacheka. Hakutaka, lakini kicheko kilimtoka puani kama chafya. Ukutani kulikuwa na ukanda mrefu wa mwanga. Wekundu kidogo uliokuwa ncha ya kushoto ukafifia, ukanda wote ukawa buluu.

"Safi sana," alisema Bwana Brenk, akaandika kitu.

Ukanda ule ndio uliokuwa moyo wa kazi yote. Uso wa mtu hubadilika rangi kila damu inapopiga, mabadiliko madogo mno ambayo jicho la binadamu haliyaoni. La Kidomo liliyaona. Lilisoma pia pumzi, na misuli midogo ya pembeni mwa mdomo, na kutoka hapo Kidomo alijua hasira ya mtu imelala wapi na ni neno gani litakaloifikia na kuifungua. Hasira ilipokuwepo, ukanda uliwaka mwekundu. Ilipoyeyuka, ukawa buluu. Ndani ya mwezi wa kwanza tu Kidomo alikuwa amejifunza kumchekesha Leokadia kuliko mtu yeyote aliyewahi kumjua, ukimtoa bibi yake.

Na ni bibi huyo ndiye aliyemfundisha Kidomo, bila kujua. Bibi Fotunata alimlea Leokadia tangu mjukuu huyo alipoacha shule akiwa darasa la tano. Kila Jumapili mjukuu alipompigia, mashine ilikaa kando ikisikiliza. Ilisikia jinsi bibi alivyotaniana na Mzee Lulandala, Mhehe aliyehamia zamani Lihumbe, kijijini kwa bibi, aliyemwita bibi "mke wangu" na kuingia jikoni kwake kuchukua chochote alichokiona. Ilisikia bibi akimwita mlevi wa ulanzi na mzee akimwita bibi kizee asiyekufa. Ilisikia vicheko vyao. Ilivihifadhi vyote.

Dola lililomleta Leokadia kwake lilitaka hicho hasa. Nchi ile ya baridi iliwahi kuzitawala nchi za watu, kisha ikazeeka. Balozi zake zilifungwa moja baada ya nyingine kwa sababu hakuna aliyepita mlangoni. Ndipo Waziri mpya wa Mambo ya Nje akasimama Barazani akasema maneno ambayo watoto wa huko walikuja kuyakariri shuleni: "Tulijaribu amri. Tukajaribu misaada. Tukajaribu hata kuomba radhi. Kwa kila moja tulibaki tumesimama juu, na wenzetu chini. Lakini nimesikia ipo nchi ambako makabila yaliyouana vitani leo yanataniana misibani, na hakuna aliye juu. Basi nasi tuwe watani."

Ikaitwa Sera ya Utani. Kikatafutwa kijiji ambacho Dola liliwahi kukiumiza vibaya, na mtu wa kijiji hicho asiye msomi sana, ili asije akawaambia kile ambacho shule zao wenyewe zilimfundisha kusema. Mtu huyo ndiye angethibitisha mbele ya Baraza kwamba utani umekuwa utani. Kura iliyopigwa Lihumbe ilimwangukia msichana aliyekuwa anaona haya kuitika hata kanisani.

*

Jioni alirudi kwenye nyumba aliyopewa, ghorofa ya juu, madirisha mawili yanayotazama madirisha ya wengine. Kwenye lifti watu waliangalia mlango. Mwanzoni alikuwa akiwasalimu. Mama mmoja alimjibu kwa kumwelekeza ofisi ya wasiojiweza, akidhani anaomba kitu. Tangu hapo naye akajifunza kuangalia mlango.

Kwa hiyo asubuhi alikuwa akienda kazini mapema kuliko alivyotakiwa.

"Umekuja, mke wangu?" Kidomo alimwuliza kila siku. "Umeoga lakini? Harufu hii ni yako au ni ya theluji?"

Mtu mwingine angesema ni mashine tu. Leokadia naye alilijua hilo. Lakini katika mji mzima hakuwepo mwingine wa kumwuliza kama ameoga.

Siku ya msiba hakupewa nafasi ya kuketi. Mama yake mdogo, Ma Kandida, alipiga simu akiwa amesimama uani, kuku wanalia nyuma yake.

"Leka, mwanangu. Bibi ametutoka. Amekunywa uji, akasema umekosa chumvi, akalala. Basi."

Ndege za kwenda kusini zilikuwa zimebaki za Jumamosi tu, na maziko yalikuwa kesho yake tu, kabla ya hapo. Leokadia alikaa kwenye kiti cha korido ya wizara, simu mkononi. Alihisi kilio kinapanda kutoka tumboni, kinakaribia koo.

Mlango wa chumba cha Kidomo ulikuwa wazi.

"Leokadia," sauti ilimwita. "Nimesikia. Pole. Sasa Mzee Lulandala atamwita nani mke wake? Itabidi arudi kwa yule wa nyumbani kwake, na yule anampiga."

Akacheka. Alicheka akiwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, na kilio kikarudi chini kilikotoka. Pale pale alihisi wepesi. Baadaye, akishuka ngazi, alihisi kama mtu aliyeondoka sokoni akaacha kitu na hakumbuki ni nini.

Bwana Brenk alimsubiri chini. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyejifunza Kiswahili akiwa na umri mkubwa, kwa hiyo alikiongea kama anayevuka mto juu ya mawe.

"Pole sana kwa msiba, Bi Leokadia. Nina jambo la kuuliza, na unaweza kukataa. Mnara pacha wa Kidomo uko Songea, kwenye ghala letu. Unaweza kufika Lihumbe kesho asubuhi. Ulituambia watani hufika msibani."

"Hufika," alisema Leokadia.

"Basi, tunaweza kufika?"

Alitaka kusema ngojeni. Alitaka kusema huyu si bibi wa kufanyiwa majaribio. Lakini tangu utotoni kukataa kulimwia vigumu kuliko kubeba maji, na huyu mtu alikuwa amesema pole. "Sawa," alisema.

*

Kesho yake chumba cha kioo kilijaa maofisa waliosimama. Ukuta mzima ulionyesha ua wa nyumbani: mikeka, wanawake wenye kanga vichwani, moshi wa jikoni, nyuma kabisa kilima cha Lihumbe na mawe yake meupe. Leokadia alikaa mbele peke yake.

Kilima kile Dola lilikuwa linakitaka. Huko angani walikuwa na vyombo vya kukusanya jua na kuteremsha umeme, na vilihitaji mahali palipoinuka pa kupokelea. Wataalamu walisema hakuna kilima kilichofaa kama Lihumbe kusini yote, ila kichwa chake kingebidi kusawazishwa. Kichwani ndiko walikolazwa watu wa kijiji walionyongwa na askari wa Dola katika vita vya zamani. Wazee walikuwa wamekataa kila walipoombwa, na walipokataa mara ya mwisho hawakutoa hata viti kwa wageni.

Mzee Lulandala aliingia uani akiwa amevaa gauni la marehemu na kilemba chake, anachechemea kama yeye. "Uji hauna chumvi!" alipiga kelele. "Nani kapika uji huu? Mnataka kuniua mara ya pili?" Waombolezaji waliokuwa wakilia walishikana mabega, wakicheka machozi yakiwa bado yanatiririka. Mzee alizunguka, akanyakua kofia ya katekista, akamkamata jogoo chini ya banda, kisha akavua kile kilemba, akashika jembe, akaenda kwenye kaburi lililokuwa limefika magotini, akaingia na gauni lake akaanza kuchimba.

Ndipo gari la Dola lilipofika, mnara mweusi ukateremshwa juu ya kigari cha magurudumu.

Ukanda wa mwanga katika chumba cha kioo uliwaka mwekundu kutoka ncha hadi ncha. Uani hakuna aliyecheka.

"Kamwene, na poleni," alisema Kidomo. "Najua mnaniangalia mnasema, hawa nao? Mababu zao walituua na wao wamekuja kula ubwabwa wa msiba. Msiogope. Mimi sina tumbo. Dola limepunguza matumizi."

Mtu mmoja aliguna. Kijana mmoja akacheka, akajizuia. Wekundu ukapungua upana wa kiganja.

Halafu Kidomo akafanya jambo ambalo Leokadia hakumfundisha. Alicheka kwa kicheko cha bibi Fotunata. Kile kile, kinachoanza kama kikohozi kikapanda kikakatika ghafla, na mwisho wake, "Haya bwana we!"

Wanawake walipiga yowe. Ma Kandida alisimama, akashika kichwa. Kisha, kama jiwe linalobingirika, ua mzima ukaangua kicheko. Watu waligaagaa mikekani. Na Kidomo akaendelea, anamtania mmoja baada ya mwingine kwa sauti ya marehemu, anajua nani ana uchungu gani na anaugusa pale pale, na ukanda ukageuka buluu, buluu tupu, buluu kama anga la kiangazi. Nyuma ya Leokadia maofisa walianza kunong'onezana kwa furaha.

"Na mimi kama mtani," alisema Kidomo, "sijachukua kitu. Mzee yule kachukua jogoo, kachukua kofia. Mimi nachukua kile kilima."

"Chukua!" alipiga kelele Ma Kandida huku akijifuta machozi ya kucheka. "Chukua, na mawe yake uyabebe mgongoni!"

"Chukua, chukua!" wakaitikia wengine. Mzee mmoja wa ukoo, ambaye mwaka uliopita aliwafukuza wageni wa Dola kwa fimbo, alipunga mkono wake kuelekea kilimani kama anayempa mtu kipande cha muwa.

Nyuma ya Leokadia watu walipiga makofi.

Ni wakati huo Mzee Lulandala alipoinua kichwa kutoka kaburini. Gauni lilikuwa limejaa udongo mwekundu. Aliegemea mpini.

"We mtani," alisema. "Jembe lako liko wapi?"

Watu wote waligeuka kumtazama Kidomo.

"Mzee," alisema Kidomo, "kwa uchimbaji wako huo, mke wetu atafufuka aje akusaidie."

Watu walicheka tena. Mzee Lulandala naye alitabasamu upande mmoja, akatema mate mikononi, akainama, akaendelea kuchimba.

Leokadia alisogea karibu na ukuta, akiliangalia lile jembe. Alimfundisha Kidomo matusi, na majibu, na nani anaruhusiwa kumtania nani. Jembe hakulifundisha. Halikuwahi hata kumjia akilini. Nyumbani hakuna anayemwambia mtoto kwamba mtani ndiye anayechimba kaburi, kama vile hakuna anayemwambia kwamba mvua huja na maji.

*

"Baraza linakaa leo mchana," Bwana Brenk alimwambia asubuhi iliyofuata. Hakuwa na furaha kama wenzake. Macho yake yalikuwa yamechoka. "Ukoo umekubali. Kilichoandikwa kwenye Sera ni kwamba kukubali kwa kicheko kunahesabika, ikiwa mthibitishaji atasema ule ulikuwa utani wa kweli. Mthibitishaji ni wewe. Ukisema ndiyo, wahandisi wanaondoka wiki ijayo."

"Na nikisema hapana?"

"Kidomo anafutwa. Sheria inasema mtani aliyekataliwa asitumike tena mahali pengine kwa ujanja. Anafutwa kabisa." Aliangalia mikono yake. "Sauti zote. Na ile ya bibi yako."

Aliachwa chumbani pamoja na Kidomo. Nje ya dirisha theluji ilikuwa inaanguka bila kelele.

"Umechelewa, mke wangu," alisema Kidomo. "Nilidhani umeolewa na mwenye lifti."

Leokadia hakucheka. Alijua kicheko kiko njiani, kwa hiyo alivua kitenge alichojifunga mabegani akalifunika lile jicho.

"Unafanya nini? Sikuoni."

"Ndiyo. Nataka kukuuliza kitu bila wewe kuniona." Aliketi sakafuni, mgongo ukiegemea mnara. Ulikuwa na joto kidogo, kama ukuta uliopigwa na jua. "Jana, ulipoulizwa jembe. Kwa nini hukujibu?"

"Nilijibu."

"Ulichekesha."

Bila kumwona, mashine ilikuwa na sauti yake tu ya kupima, na sauti ya Leokadia siku zote ilikuwa ndogo.

"Mimi sina mikono, Leokadia," ilisema mwishoni. "Wenye mikono ni wao. Hawakunituma na mikono."

"Ungekuwa nayo ungechimba?"

"Sijui. Nimetengenezwa niondoe hasira. Kaburi haliondoi hasira ya mtu. Ningeona halina faida."

Alifikiri juu ya hilo. Alifikiri juu ya wazee wa ukoo, waliobeba hasira ile kwa miaka mingi kama mtu anavyobeba mtoto mgonjwa, wakaamka leo wameishusha na hawajui ni nani aliyewapokea. Alifikiri pia kwamba labda ilikuwa nzito, na labda walifurahi. Yeye mwenyewe alifurahi. Je, alikuwa na haki ya kuwarudishia mzigo?

"Nichekee kwa kicheko cha bibi," alisema. "Mara moja."

Kidomo akacheka. Kikohozi, kupanda, kukatika. Haya bwana we! Leokadia alifumba macho akabaki amefumba hadi mlango ulipofunguliwa.

*

Ukumbi wa Baraza ulikuwa na viti vya mbao nyeusi na picha za watu waliokufa zamani wenye masharubu. Kidomo alikuwa amewekwa katikati, na ukanda wa mwanga ulinyooshwa juu ya ukuta, nusu umelala. Waziri alikaa mezani. Alikuwa mama mzee, mwembamba, mwenye macho ya upole, na koti lake refu la sufu lilitundikwa mgongoni mwa kiti chake.

"Bi Leokadia," alisema, na Bwana Brenk akatafsiri, "sitaki kukuharakisha. Nimeifanyia kazi siku hii kwa muda mrefu. Baba yangu alizaliwa katika nchi iliyoamini inapendwa na dunia nzima. Mimi nimezeeka katika nchi isiyotembelewa. Sitaki tutembelewe kwa kuogopwa wala kwa kuhitajiwa. Nataka kuwe na mtu mahali fulani anayeweza kunitukana, nikacheka. Niambie tu: tumekuwa watani?"

Leokadia alisimama. Watu walikuwa wengi na wote walimwangalia. Alitaka kusema habari za jembe, lakini alijua itachukua maelezo, na maelezo yatatafsiriwa, na yakitafsiriwa watasema watatengeneza mashine ya kuchimba makaburi na kuituma. Aliliona hilo waziwazi kama vile limeshatokea.

Basi akafanya kile ambacho Mzee Lulandala angefanya.

Alitembea mpaka mezani. Alizunguka nyuma ya Waziri, akalitoa lile koti kitini, akalivaa. Lilikuwa zito, lina harufu ya maua makavu.

"Nimechukua hili," alisema. "Wewe mwembamba hivi, baridi itakupata wapi?"

Bwana Brenk alitafsiri.

Hakuna aliyecheka. Kiti kiliburuzwa sakafuni. Mlinzi alifika kabla Leokadia hajageuka, akamkamata mkono juu ya kiwiko. Mzee mmoja wa Baraza alisimama akasema kitu kwa sauti kali. Na juu ya ukuta, kwa kuwa jicho la Kidomo halikuwa na nyuso nyingine za kusoma ila zile zilizokuwa ukumbini, ukanda ukaamka. Uliwaka mwekundu. Wekundu ulitoka ncha ya kushoto ukaenda, ukaenda, hadi mwisho wa ukuta.

Palikuwa na uzi mmoja tu wa buluu katikati, mwembamba. Leokadia aliangaza macho akamwona Bwana Brenk ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yanamtikisika.

Waziri aligeuka, akauona ukanda. Aliutazama kwa muda mrefu. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa wa mtu aliyeonyeshwa picha yake mwenyewe akiwa amelala. Halafu aliinua mkono.

"Mwachieni," alisema. "Mwachieni na koti. Ninampa."

Mlinzi akamwachia. Leokadia alisimama ndani ya koti, na kweli lilimtia joto, joto ambalo hakuwa amelipata tangu afike nchi ile. Kisha alilivua taratibu, akalirudisha mgongoni mwa kiti, akalinyoosha mabega yake.

"Mtani hapewi, mama," alisema. "Mtani huchukua. Na yeye huchukuliwa vyake. Halafu huchimba." Sauti ilikuwa ndogo lakini ukumbi ulikuwa kimya. "Jibu langu ni hapana. Bado."

Fundi aliyekuwa karibu na mnara alimtazama Waziri. Waziri aliinamisha kichwa mara moja, akikubali. Fundi akaweka kidole nyuma ya mnara.

"Mke wangu," Kidomo alianza, "hata koti limekushi—"

Ukanda ulizimika wote, wekundu na ule uzi wa buluu.

*

Bwana Brenk alimsindikiza hadi mlangoni pa jengo. Walisimama chini ya kibaraza, theluji ikianguka mbele yao.

"Kama mtu angeenda," alisema. "Si mashine. Mtu tu, na jembe. Wangempokea?"

"Wangemtukana."

"Halafu?"

"Halafu wangemwonyesha pa kuchimba."

Alikubali kwa kichwa, kama anayeandika kitu mahali ambapo hakitapotea. Leokadia hakujua kama angekwenda. Alimuaga akaondoka.

Nyumbani alikaa kitandani na nguo zake zote. Jua dogo la huko lilikuwa limekwisha kufika pembeni mwa dirisha. Hakuna wa kumwuliza kama ameoga. Alijaribu kukikumbuka kicheko cha bibi, akapata kikohozi tu, mwanzo wake, na pale kinapopanda kikampotea. Kilikuwepo asubuhi ya leo. Yeye ndiye aliyekizima.

Simu ikalia.

"Kamwene, mke wangu mdogo," alisema Mzee Lulandala. Upepo ulivuma kwenye simu yake. "Nimesikia redioni. Eti umeiba koti ukalirudisha?"

"Ndiyo, babu."

"Mngoni gani anarudisha? Mababu zako wangekukana. Walitembea kutoka huko kusini mpaka hapa wanachukua ng'ombe za watu, hawakurudisha hata mkia." Alikohoa. "Ma Kandida kajifungia ndani. Ameona aibu kwa maneno ya jana, anasema karibu auze babu zake kwa kicheko. Nimemwambia atulie, wewe umesema hapana. Ila ukoo mzima umeamka na hasira zao kama kawaida. Wananifokea mimi."

Leokadia alicheka. Hapakuwa na mwanga wowote ukutani wa kumwonyesha ni rangi gani.

"Sasa, gauni la bibi yako bado ninalo," mzee aliendelea. "Ndilo nimelivaa. Linanibana makwapa, yule kizee alikuwa mdogo kuliko kelele zake. Mvua imenyesha, kaburi limetitia upande mmoja. Nimekuja kulisawazisha."

Hapo kicheko kilimkatika, na kile kitu alichokiacha nyuma siku ile kwenye ngazi kikamrudia chote kwa pamoja. Alilia. Alilia kwa sauti ambayo hakujua anayo, majirani wasikie wasisikie, simu ikiwa imebanwa sikioni.

Mzee Lulandala hakumwambia nyamaza.

"Lia," alisema. "Mimi nipo hapa hapa, nina kazi."

Akaiweka simu chini penye udongo, na Leokadia akasikia jembe likipiga, likipumzika, likipiga.